Dadangu na Kipindi cha Kuchaguana

Kakangu, ambaye alikuwa baharia, alirudi safari moja na deki ya vidio aliyoizungushia blanketi, na mfuko wa kanda. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Tulikaa Port Reitz, upande wa uwanja wa ndege, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba: mamangu, dadangu mkubwa na mimi, na kaka kila alipokuwa nchi kavu. Mimi ndiyo kwanza nimeanza kupiga chapa katika ofisi moja mjini. Dadangu alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa sebuleni chini ya dirisha, na hapo ndipo wateja walipokuja kumtafuta.

Kanda zile kaka alipewa na rafiki yake aliyelowea Uingereza. Huyo rafiki alirekodi chochote kilichopita kwenye tivi yake: mieleka, nyimbo, matangazo ya sabuni, na kipindi kimoja ambacho sisi wanawake wa nyumba ile tulikishika tukakifanya chetu. Tulikiita kipindi cha kuchaguana. Msichana hukaa juu ya kiti kirefu, na upande wa pili wa kiambaza kilichopakwa rangi ya waridi wamekaa wanaume watatu asioweza kuwaona. Huwauliza maswali, wao humjibu, na kwa sauti zao tu huchagua mmoja. Kisha kiambaza hufunguka, wakaonana. Zawadi yao ni kupelekwa matembezi mahali pazuri, wakajuane.

Kiingereza changu cha ofisini kilinitosha kumtafsiria mama. Yeye alikaa chini kwenye mkeka, bakuli la mchele mapajani akichagua, na kila kipindi alikuwa na malalamiko yaleyale.

"Mbona hamuulizi ukoo wake?"

"Huko hawaulizi, mama."

"Wala kazi?"

"Kazi wamesema mwanzo. Huyu ni fundi wa bomba."

"Basi huyo ni mzuri. Na yule mwengine acheka sana. Mtu hacheki vile kama hana analolificha."

Aliyekuwa akija kuangalia nasi ni jirani yetu, nesi, Mkristo aliyetoka bara akaletwa na kazi. Alikuwa akipita kwetu akitoka zamu, sare yake nyeupe bado mwilini, anavua viatu mlangoni na kumwamkia mama shikamoo kwa lafudhi yake ya kwao. Yeye na dadangu walipatana tangu siku ya kwanza. Nesi alichagua mwanamume kwa haraka, kabla hata maswali hayajaisha. Dadangu hakuwa na haja ya wanaume wa kwenye tivi. Yeye aliangalia nguo.

"Simamisha hapo," huniambia, nami nabonyeza. Picha ilisimama ikitetemeka, imekatwa na mistari, na dadangu husogea mpaka pua karibu iguse kioo. Aliangalia mabega. Wasichana wale wote walikuwa na mabega mapana kama kabati: blauzi za kung'aa, mikanda mipana kiunoni, sketi zilizobana magotini, herini kubwa kama visahani. Dadangu alichora kwa kalamu ya mkaa juu ya karatasi ya kufungia sukari, kisha akarudi kwenye cherehani. Sponji ya mabega aliikata kutoka godoro kuukuu. Vifungo alivifunika kwa kitambaa cha nguo ileile, kimoja kimoja, kwa mkono.

Suti ya kwanza alimshonea nesi, ya rangi ya zambarau. Nesi akaenda nayo kanisani, na wiki iliyofuata mke wa mchungaji alikuja nyumbani kwetu kuagiza ya kijani. Kisha wakaja wasichana wa viwandani Changamwe, na waalimu, na mabibi harusi. Wateja wetu wa Kiislamu walivaa mabega yale ndani ya buibui. Mtaani ukamwona mwanamke aliyestiriwa gubigubi, nguo nyeusi toka utosini hadi miguuni, na mabega yamesimama pande mbili. Mama alisema wote wamekuwa kama makuli wa bandarini waliokuja kutafuta kazi. Hata hivyo alipokwenda harusini Kisauni alimwomba dadangu amtilie na yeye sponji kidogo, "si nyingi, ya kunishikia kanzu tu."

Nami nilikuwa na yangu. Nilikuwa na blauzi ya manjano yenye mikono ya puto, suruali iliyopanda hadi juu ya kitovu ambayo mama hakutaka niivae nje ya geti, na nywele za kalikiti, zilizokunjwa kwa dawa, zilizolowa mafuta hata kola zangu zote zikawa na alama nyuma. Kwenye basi la kazini nilikaa bila kuegemea kiti. Nilijiona nimependeza, na nikiziangalia picha za wakati ule hadi leo siwezi kujicheka kama wanavyonicheka wanangu.

Katika zile kanda mlikuwa na kipindi kimoja kilichotutesa. Msichana mwenye nywele fupi aliuliza maswali yake, akamchagua nambari tatu, mwanamume mwenye sauti ya kukwaruza. Kiambaza kikaanza kwenda. Ukaonekana mguu mmoja, kiatu kimoja cheupe, na papo hapo ukaingia mpira wa miguu. Rafiki wa kaka alirekodi juu yake. Tulirudisha nyuma mara nyingi kana kwamba tukiangalia vizuri zaidi kiambaza kitamalizia safari yake. Mama alisema mtu yule alikuwa mzee. Nesi alisema alikuwa mzuri kuliko wote, ndiyo maana tukanyimwa.

"Wewe je?" nesi akamuuliza dadangu.

Dadangu alikuwa akitia uzi kwenye sindano, akamaliza kwanza. "Mimi wangu nilimwona," akasema. "Nilimwona sana. Kumsikia ndiko sikumsikia."

Sote tulijua alikuwa akimsema nani. Dadangu aliolewa na mfanyabiashara wa Kisauni alipokuwa msichana wa miaka kumi na minane, mwanamume mzuri wa sura hata majirani walimsifu usoni. Hakumpiga, hakumtukana. Alimwambia tu kwamba mke wake hashonei watu. Cherehani aliyotoka nayo kwetu ikawekwa pembeni, ikafunikwa leso, masanduku yakapangwa juu yake. Dadangu alikaa miaka ile akiitazama. Alipouliza, mume alijibu kwamba amekwisha kusema. Mwishowe akapewa talaka yake kwa sababu hakuzaa, akarudi nyumbani nyuma ya mkokoteni uliobeba cherehani, akitembea na mkono mmoja umeshika kichwa cha cherehani isianguke. Tulipoishusha alikaa nayo siku nzima, akaipangusa, akaitia mafuta, bila kulia.

Sasa ilikuja posa nyingine. Mteja mmoja wa dadangu, mama wa makamo kutoka Jomvu Kuu, alikuwa na mwanawe fundi wa umeme bandarini, ameshapita umri wa watu kuoa na bado hajaoa. Yule mama alikuja kupimwa kanzu, akarudi kuichukua, akarudi tena bila haja ya nguo yoyote, na mara hiyo ya tatu alizungumza na mamangu jikoni kwa sauti ya chini. Kaka alikuwa nyumbani, na kwa kuwa baba hayupo yeye ndiye walii wa kumwoza. Akamwita dadangu.

"Watu wa Jomvu wamekuja kwa heri," akamwambia. "Nimeuliza msikitini, nimeuliza bandarini. Hakuna aliyemtaja kwa ubaya. Wasemaje?"

"Nataka kumuuliza maswali."

"Niambie, nitamuuliza."

"Si wewe. Mimi. Yeye akae sebuleni, mimi nikae chumbani nyuma ya pazia."

Kaka alicheka kwanza, kisha akaona kwamba anacheka peke yake, dadangu hacheki kabisa. Mama akaingilia. "Mwanangu, watu watasema tumeleta sinema ndani ya nyumba."

"Na waseme. Mara ya kwanza niliulizwa nikanyamaza, mkasema kunyamaza ni kukubali. Sasa nina ulimi."

Mama alimtazama kaka, akitaka amkatalie. Kaka aliupapasa ukingo wa meza. "Idhini yake ni lazima niipate," akasema. "Akitaka kuuliza kabla ya kuitoa, ni haki yake. Nitakwenda kuzungumza nao."

Sijui alizungumza nao vipi. Walikubali, na Ijumaa iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, akaja huyo mtu na ami yake, ndugu mkubwa wa babake. Pazia letu la mlango wa chumbani lilikuwa zito, la maua makubwa. Nyuma yake tulikaa watatu, dadangu juu ya kiti, mama na mimi kitandani. Dadangu alikuwa amevaa gauni jipya alilolimaliza asubuhi ile, bluu ya kukoza, mabega yamesimama, mkanda wa kung'aa, na wanja machoni. Nilimuuliza amejipambia nani na hapana atakayemwona.

"Mtu akivaa vizuri hata sauti yake huwa nyengine," akasema. Lakini mikono yake ilikuwa baridi. Niliishika.

Zikapita salamu, maji ya ndimu, habari za wazima na wagonjwa. Yule ami alikuwa na sauti nene ya kuzoea kusikilizwa. Mwanamume mwenyewe hatukumsikia. Kaka akasema, "Haya, dadangu yuko hapa. Ana maneno yake."

Dadangu alikuwa ametayarisha maswali kwa siku nyingi. Alinisomea nikiwa namsuka, maswali ya akili, ya mtu mzima. Nadhani hofu ilimpokonya yote kwa mara moja, maana lililomtoka lilikuwa lile la kipuuzi la kwenye kanda, ambalo kila msichana wa kwenye kiti kirefu aliliuliza.

"Ungekuwa tunda, ungekuwa tunda gani?"

Mama alifunga macho. Upande wa pili kaka alikohoa. Ami akasema, "Swali gani hili?"

Kisha tukasikia sauti ambayo hatukuielewa. Ilikuwa kama mtu anayegonga mlango kwa kidole, herufi moja, n, n, n, ikasimama, ikaanza tena. Ilituchukua muda kufahamu kwamba ni yeye anayezungumza. Alikuwa na kigugumizi. Si kile cha kujikwaa hapa na pale, bali kile cha mtu anayesukuma jiwe. Mamake alikuja kwetu mara tatu na hakulitaja. Mama alinigeukia, na nikaona usoni mwake kwamba mambo yamekwisha.

"Asema embe," ami akamjibia.

Dadangu alinyanyua uso. "Niwie radhi, ami," akasema kwa adabu, polepole. "Nimemuuliza yeye."

Panka ilizunguka juu yetu. Ndege moja ilikuwa ikishuka uwanjani na madirisha yakatetemeka kama kawaida, kisha yakatulia, na bado dadangu alisubiri. Hakusogea. Kwenye kanda sijapata kuona mtu akisubiri jibu muda ule. Mtangazaji angekwishatia mzaha, watu wangekwishacheka.

"Ndi-ndi-ndimu," mwanamume akasema.

"Kwa nini ndimu?"

"Ha-hailiwi peke yake." Akapumua. "La-lakini samaki bila ndimu..." Hakumalizia, na nikamsikia kaka akicheka kidogo, cheko la mtu aliyependezwa.

Mikono ya dadangu ilianza kupata joto. Akauliza la pili, na hili lilikuwa lake. "Ukikasirika wafanya nini?"

Hili lilimchukua muda zaidi. Ami alivuta pumzi ya kutaka kumsaidia, akajizuia. "Natoka nje," mwanamume akasema. "Nikika-kasirika maneno ha-hayatoki kabisa. Kwa hivyo natoka mimi."

Mama alijifunika mdomo kwa ukingo wa leso. Sikujua kama anacheka.

Nilijua swali la tatu lilikuwa la cherehani. Ndilo swali lililomfanya adai yote haya. Alitaka kusikia kwa masikio yake kama ataruhusiwa kushona. Nilimwona akijiandaa, ameweka mkono kifuani, kisha akabadili. Mpaka leo hajanieleza kwa nini.

"Na wewe," akasema, "una swali?"

"Ninalo," akajibu, na neno lile lilitoka lote bila kukwama. Kisha likaja jingine kwa taabu yake. "Ma-mamangu asema washona karibu na di-dirisha. Chumba changu kina madirisha mawili, yote ma-madogo. Nata-nataka kulipanua moja kabla hujaja. Sijui ni-nipanue la upande gani. La asubuhi au la jioni?"

Dadangu alitazama chini kwenye mapaja yake. Machozi yalimdondoka moja kwa moja juu ya gauni, yakaacha madoa kwenye kile kitambaa cha kukoza, na hakuyafuta. Sauti yake ilipotoka ilikuwa shwari.

"La asubuhi," akasema.

Hilo ndilo lililokuwa jibu la posa. Kaka alilielewa, akasema alhamdulillahi, na wale wawili wakaitikia. Wageni walipoondoka mama alikuja juu. Si kwa hasira, kwa wasiwasi. Alisema mtu yule hawezi hata kuita teksi, akipata ajali ataelezaje, watoto wakirithi je. Alisema mamake ametuficha. Dadangu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, yule wa kwanza alisema vizuri," akamwambia. "Hakukosa hata neno."

Nesi alipoambiwa jioni ile alikaa chini kwenye mkeka akataka kurudiwa kila kitu tangu mwanzo, na tulipofika kwenye habari ya dirisha akavua miwani yake akaisafisha. "Huyo," akasema, "ningemchagua hata mimi."

Harusi ilikuwa baada ya miezi michache. Wasiwasi wa mama sasa ulihamia kwenye nikaha. Mbele ya msikiti mzima bwana harusi lazima atamke kwamba amekubali, na mama alimwona amekwama pale, watu wamekaa, biriani inapoa. Sisi wanawake tulingoja nyumbani. Kaka aliporudi alikuwa akicheka, amevua kofia, na tukamzunguka kabla hajakaa. Akatueleza kwamba maneno ya kukubali yalimtoka kama maji, kwa Kiarabu, moja kwa moja, kwa sauti nzuri, maana alikuwa ameyahifadhi na yaliyohifadhiwa hayamkwami. Alikuja kukwama baadaye, alipoulizwa jina lake mwenyewe liandikwe. Hapo alisimama. Karani kanyanyua kalamu, wazee wanatazama mikeka, na ami, ambaye alikuwa mzungumzaji wa ukoo mzima, alikaa na mikono mapajani hakumsaidia hata herufi. Walimngoja mpaka akalitoa.

Usiku wa wanawake uwanja wetu wa nyuma ulizungushiwa maturubali, na mabuibui yakatundikwa kwenye kamba. Sijaona tena nguo kama za siku ile. Yale yote dadangu aliyoyatazama kwenye picha iliyotetemeka yalikuwa mbele yangu yanacheza: mikono ya puto, marinda, vitambaa vya lamé vya kumeta dhahabu na fedha, vilemba vya hariri vilivyofungwa pembeni, nywele zinazong'aa mafuta, mabega yaliyokuwa yakigongana kila wanawake wawili walipopishana. Nesi alikuja na ile suti ya zambarau, akajifunga leso kiunoni juu yake, akaingia katikati ya ngoma ya chakacha bila kuijua na akashangiliwa kuliko mtu yeyote. Dadangu alikaa juu ya kiti chake katika gauni alilojishonea mwenyewe, jeupe, lenye mkia mrefu na vimetameta alivyovipachika kwa mkono hadi vidole vikamuuma. Alikuwa amepauka kwa uchovu na alipendeza sana.

Alikwenda Jomvu Kuu na cherehani yake ikatangulia, safari hii ndani ya gari la mizigo. Alizaa binti mmoja, baada ya watu kwisha kusema hazai, na yule mtoto husema haraka hata humwelewi.

Miaka ya tisini ikaja ikabadili mambo. Mitumba ilijaa kila mahali, msichana akawa anapata blauzi kutoka ng'ambo kwa bei ya uzi wa dadangu, na mabega yakashuka, kila mtu akayatoa sponji. Dadangu akahamia kwenye sare za skuli na mapazia. Kanda zetu zililiwa na ukungu wa pwani, deki ikaanza kuzitafuna, na kaka alipoacha bahari hakuna aliyefikiria kuitengeneza. Mimi niliolewa nikahamia Likoni, nikawa navuka feri kwenda kazini, na mwishoni mwa wiki nikipata nafasi naenda Jomvu.

Idi moja nilimkuta dadangu na mumewe sebuleni mbele ya tivi yao. Palikuwa na kipindi kipya cha kuchaguana, hiki cha vijana wa Nairobi, suruali zao pana zimeshuka chini ya kiuno, maneno yao ya Sheng ambayo binti yao alikuwa akitufasiria. Kilikuwa na kengele. Kijana akichelewa kujibu, inalia, anatolewa. Mmoja aliulizwa swali, akafungua mdomo, akasita, na shemeji yangu akasogea mbele kwenye kiti.

"Mu-mu-mwache afikiri," akaiambia tivi.

Kengele ikalia. Shemeji aliinuka, akaizima tivi, akachukua kofia yake kwenye msumari na kwenda zake msikitini. Dadangu alimngoja mpaka sauti ya viatu vyake ikaisha kwenye kijia, kisha akaiwasha tena. Alitaka kuiona sketi ya yule msichana, imekatwa vipi hata ikaanguka vile bila mshono wa pembeni. Akaniambia nisogee, namzibia.